“Kazi ya Mama: Hakuna”. Historia ya Neno Kazi mu Lubumbashi

Kila mwaka, masomo yanapoanza, wanafunzi wa darasa langu wanajaza fishi. Jina, mahali pa kuzaliwa, komini, jina la baba, kazi ya baba, jina la mama, kazi ya mama. Ninazikusanya na kuzisoma jioni nyumbani, maana fishi inamweleza mwalimu mambo ambayo mtoto hatayasema kwa mdomo. Na kila mwaka ninakuta jambo lilelile. Kwenye mstari wa baba mtoto ameandika fundi, dereva, askari, “anatafuta”. Kwenye mstari wa mama, fishi nyingi zina neno moja tu: hakuna.

Siku moja nilimwita kijana mmoja kutoka Katuba nikamwuliza mama yake anashinda wapi. Akanijibu bila haya: “Mwalimu, mama hana na kazi. Anauzishaka tu makala pa soko.”

Hiyo “tu” njo ilinifanya niandike kurasa hizi. Sikumcheka yule kijana. Mimi mwenyewe, siku nilipojiandikisha I.S.P. ili nisomee ualimu, niliandika vilevile kwenye karatasi yangu: kazi ya mama, hakuna. Na pesa za kulipia karatasi ile zilitoka katika kikwembe cha mama, ambaye alikuwa na miaka mingi anauzisha bunga.

Ndugu msomaji, tujiulize: mtu anaamka saa kumi ya usiku, anarudi jua limezama, analisha nyumba ya watu wanane, halafu mtoto wake mwenye akili anasema hana kazi. Ujinga huo tuliutoa wapi? Hatukuurithi kwa mababu. Neno kazi lina historia yake mu mji huu, na historia hiyo ina tabaka kama udongo wa kwetu: ukichimba kidogo unakuta nyekundu, ukiendelea unakuta kijani.

Tuanze na ile ya kijani.

KULA MUKUBA

Kabla ya reli, kabla ya Wazungu, watu wa nchi hii walichimba na kuyeyusha shaba kwa karne nyingi. Kwa lugha zetu shaba njo mukuba, na kwenda kuichimba kuliitwa kwenda kula mukuba. Ndiyo sababu Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto, aliita andiko lake la mwaka 1926 “Les mangeurs de cuivre du Katanga”, maana yake walaji wa shaba. Mu 1924 wazee wa Kiyeke waliirudilia kazi hiyo mbele ya macho yake, nao walikuwa kati ya watu wa mwisho walioijua vizuri.

Kilichonishangaza nilipojifunza habari hizo si moto wala dawa za fundi mkubwa. Ni mpango wa kazi. Hawakuanza siku yoyote ile. Walingoja mtama uvunwe, karibu na mwezi wa tano, mvua ikiwa imekatika. Hapo chifu alitangaza, na watu wakatoka pamoja na familia zao wakapige kambi karibu na mlima wa mawe ya kijani. Wanawake na watoto waliokota malakiti iliyolala juu ya ardhi. Wanaume walishuka mu mashimo ya mita 10 hadi 15. Jiwe lilichaguliwa na kuoshwa mtoni mu vikapu kabla ya kufika kwenye moto, kwa sababu kuchoma uchafu ni kupoteza makala, na makala ni miti, na miti ni siku za watu wenye mashoka. Makala yenyewe yalitoka kwa miti migumu tu. Tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa mchwa wamekwisha kuukanda na unavumilia moto. Mivukuto ilikuwa ya ngozi ya mnyama wa pori. Shaba ya kwanza iliyotoka haikutosha: waliiyeyusha tena ili isafike, ndipo wakaimwaga mu kalibu. Mvua ya kwanza ilipokaribia, walifunga mizigo. Mashimo yangejaa maji, na mashamba yalikuwa yanawangoja.

Hivi, ni nani hapo angesema “mke wangu hana kazi”? Bila mwanamke wa kuokota na kuosha, tanuru haina cha kula.

Tutazame sasa kile kilichotoka mu kalibu, yaani musalaba wa shaba. Sisi wote tunaujua: bendera ya Katanga ya 1960 ilikuwa na misalaba mitatu, na senti za shaba za 1961 zilikuwa na musalaba upande mmoja na ndizi upande mwingine. Lakini tumeuzoea kama alama, hatuutazami tena kama kitu. Makaburi ya zamani ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, yaliyofukuliwa na wataalamu kuanzia 1957, yametoa misalaba mingi iliyozikwa pamoja na wenyewe. Kuna mikubwa ya kubebwa, na kuna midogo inayokaa mu kiganja. Na kadiri karne zilivyopita, ile midogo ilizidi kufanana kwa ukubwa. Maana yake mtu hakuhitaji tena mizani; alihesabu tu. Kipande cha chuma kimegeuka kuwa feza.

Na kwa nini musalaba, si tofali, si mviringo? Mimi nina maoni yangu, msomaji anaweza kuyapinga. Mtu aliyewahi kufunga mzigo nyuma ya kinga anajua kwamba kitu cha mviringo kinateleza, na tofali linahitaji kamba nyingi. Kitu chenye mikono minne kinashikwa kiunoni kwa kamba moja ya gome na hakitoki. Kinapangwa juu ya kingine. Aliyechora kalibu ile mu mchanga alimfikiria mchimbaji, akamfikiria mbebaji mwenye siku nyingi za njia mbele yake, akamfikiria pia mnunuzi wa mbali atakayetaka kuhesabu. Kazi yote, kutoka shimoni mpaka sokoni, ilikuwa mu kichwa cha mtu mmoja. Tukumbuke jambo hilo, tutalirudilia.

SIRENI

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa Bruxelles mu 1906. Reli ya kutoka kusini ilifika hapa kwetu mu 1910, mwaka uleule mji wa Elisabethville ulipozaliwa. Mu 1911 tanuru kubwa la Lubumbashi lilimwaga shaba yake ya kwanza, na mwaka huo lilitoa karibu tani 1,000. Mu 1928 kampuni ilikuwa imepita tani 100,000 kwa mwaka. Tusidharau: hakuna mlaji wa mukuba aliyewahi kuota hesabu kama hiyo.

Lakini watu walilipa nini? Mwanzoni watu hawakutaka kuja. Bourse du Travail, ofisi iliyoanzishwa mu 1910 ili kutafuta wafanyakazi, iliwatoa mbali, na waliofika walikuta makambi ya magonjwa na vifo vingi. Walikaa miezi michache, wakarudi kwao kama walikuwa hai. Na vijijini neno kazi lilikuwa linageuka uchungu: kuanzia 1917 serikali iliwalazimisha watu kulima mazao ambayo yeye aliyataka, kwa siku 60 za mwaka. Kwa hiyo mtu alikuwa na kazi yake na kazi ya Bulamatari. Ile ya pili njo ilikuwa na kiboko, ikalichukua neno.

Halafu kampuni ikafikiri. Karibu na 1928 ilianza mapatano ya miaka mitatu, ikaruhusu, hata ikatamani, mfanyakazi aje na bibi yake. Ilijenga nyumba, hospitali, masomo. Ilitoa posho: bunga, maharagi, nyama ao samaki, chumvi, mafuta. Posho ilihesabiwa kwa vichwa: mume, mke, watoto walioandikwa. Kila mtoto alikula kwa namba ya baba yake.

Na juu ya yote ikalia sireni. Wazee wetu wa makambi wanasema hata mtu asiyefanya kazi kampuni aliishi kwa sireni. Mama aliweka maji ya bukari kwa sireni, mtoto aliitwa nyumbani kwa sireni. Saa za mkono zilikuwa za watu wachache. Sireni ilikuwa ya wote na haikuwa ya mtu. Tabia nyingi nzuri zilitoka hapo, sitaki kuzificha. Kuwahi. Kukabidhi chombo mahali ulipokitoa. Kuvaa kofia ya chuma hata kama unaona joto. Fundi wa zamani wa Union Minière alikuwa anatambulika hata akifunga msumari mmoja kwake nyumbani: alipima mara mbili kabla ya kukata. Wasalesiani, waliofika mji huu mu 1911, walifundisha vijana useremala na ufundi wa chuma kwa moyo uleule.

Kitu kimoja tu kilikosekana, nacho ni kile tulichokiona kwa walaji wa mukuba. Mtu wa tanuru alijua tanuru. Mtu wa gari alijua gari. Kazi nzima, kutoka shimoni mpaka Antwerpen, ilikuwa mu kichwa cha watu wengine, mu ofisi ambazo hakuingia. Yeye alikuwa na saa zake, si na kazi yake. Na siku alipotaka kuuliza bei ya saa hizo, tunajua alivyojibiwa. Wakati wa vita vya pili bei ya vitu ilipanda, mishahara ikabaki chini. Wafanyakazi wa Union Minière wakaacha kazi, na tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwapiga risasi hapa mjini, kwenye kiwanja cha mpira walikokusanyika. Makumi walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyekuwa anasema kwa niaba ya wenzake.

Wengine walijibu kwa kalamu. Mu 1965 André Yav aliandika, kwa ajili ya chama cha waliokuwa maboyi wa nyumba za Wazungu, “Vocabulaire ya ville de Elisabethville”. Ni historia ya mji huu iliyoandikwa na watu wa kazi wenyewe, mu Kiswahili chetu hikihiki cha Lubumbashi, bila kungoja ruhusa ya mtaalamu yeyote. Mtaalamu alikuja nyuma: Johannes Fabian aliitangaza mu 1990. Ni huyo Fabian aliyekaa na wafanyakazi wa Kolwezi akaandika, mu 1973, andiko zima juu ya neno moja, kazi. Ninapowaambia wanafunzi wangu kwamba neno wanaloliandika kwa haraka kwenye fishi limesomewa Ulaya, hawanisadiki.

BABA NA MAMA

Sasa turudi kwa mwanamke, maana tumemwacha kambini.

Ku kijiji alikuwa na shamba. Kambini alipewa nyumba, na mu foyer social masista na mabibi wa Wazungu walimfundisha kushona, kupiga pasi, kupika, kuosha mtoto. Mambo mazuri. Lakini mwanamke mwema wa kambi alikuwa yule anayengoja bwana nyumbani, nyumba safi, chakula tayari. Pombe aliyojua kupika ilikatazwa. Posho ilikuja kwa jina la bwana. Polepole kila alichokifanya kwa mikono yake kikatoka mu hesabu. Kazi ikawa kitu kimoja: kile kinachoanza na sireni na kuisha kwa mshahara. Watu wakasema kampuni njo baba, njo mama. Mama wa kweli alikuwa pale, anakoroga bukari.

Mu 1967 Union Minière ikawa ya serikali, baadaye ikaitwa Gécamines. Bendera zilibadilika, posho ikabaki. Wakati wa Mobutu tulijua pia Salongo, kazi ya pamoja ya lazima ya kufagia na kulima, ambayo iliwafundisha watu jambo moja vizuri sana: namna ya kuegemea jembe.

Mu 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mu Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mu 1994 hesabu ilikuwa imeanguka karibu na tani 30,000. Si kosa la mchimbaji kusahau kuwahi. Mashine hazikurudishiwa vyombo, pesa za shaba zilikwenda mahali pengine, na ghasia za 1991 na 1992 zilivunja kilichobaki. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Neno hiari hapo linahitaji andiko lake. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Unilu alikuwa amekwisha kutoa mu 2001 kitabu ambacho jina lake linatosha: “Bana Shaba abandonnés par leur père”. Watoto wa shaba walioachwa na baba yao.

Baba akaondoka. Mama akabaki, kwa maana zote mbili.

MEKA

Nilikuwa na miaka kumi na kitu mshahara wa baba yangu ulipoanza kuchelewa. Baba, fundi wa umeme, aliendelea kuamka saa ileile, kunyoa ndevu, kuvaa shati safi, na kukaa kwenye kiti mbele ya mlango. Siku nyingine alitembea mpaka ku kazi na kurudi. Sasa hivi mimi ni mtu mzima ninaelewa kwamba mwili wake ulikuwa bado unasikia sireni. Wakati ule nilimwonea haya.

Mama hakusema kitu. Aliuza vikwembe viwili vya harusi, akanunua gunia la mahindi, akalipeleka ku mashini ya kusaga. Kesho yake alikuwa sokoni na meka yake. Kwa wasomaji wasio wa kwetu: meka ni bakuli la kupimia bunga, na bei ya meka njo habari ya kwanza ya Lubumbashi, radio inakuja nyuma.

Nilimsaidia miaka mingi siku za mapumziko, na ninaweza kuieleza kazi yake kama de Hemptinne alivyoieleza ile ya wazee. Alinunua mahindi baada ya mavuno, mwezi wa tano na wa sita, yakiwa rahisi, akayaweka juu ya mbao na si chini, ili unyevu usiyapate. Hakusaga yote mara moja, maana bunga inaharibika upesi kuliko mahindi. Hakukaa mbele kabisa ya soko ambapo kila mtu anakimbilia. Alikaa kwenye njia ya kurudi nyumbani, kwa sababu, alisema, anayenunua bunga anaitafuta mwisho, mikono ikiwa imejaa. Meka aliijaza mpaka kilima, halafu akaongeza ngumi moja ya matabishi mbele ya macho ya mununuzi. Jirani yake alibonyeza chini ya meka kwa ndani ili ipunguke. Mama hakumsema. Baada ya miezi sita wanunuzi walikwisha kusema wenyewe.

Na jioni, kikwembe chake kilikuwa na mafundo matatu. La kwanza: pesa ya gunia, haiguswi hata mtoto akilia. La pili: ya kula. La tatu: ya masomo na likelemba, ile zamu ya wanawake kumi wanaochanga ili kila mmoja apokee kwa siku yake. Sijaona bado kitabu cha hesabu kinachomshinda mtu asiyejua kusoma akiwa na mafundo matatu.

Ukitembea leo Kenya ao Ruashi utaikuta akili hiyo kila mahali. Fundi wa mbabula anakata pipa la zamani, anapasua matundu kwa kadiri, si mengi ili makala yasiishe, si machache ili moto usife. Na chini anaacha mlango mdogo wa kutolea majivu, kwa maana amewaona wanawake wakiinua mbabula yenye moto na kuungua. Wabeba makala wanaotoka pori za njia ya Kasenga wameongeza vyuma ku kinga zao, mahali ambapo kiwanda hakikufikiri kwamba mtu angebebesha magunia. Hata ule mlima mweusi wa Gécamines unaosimama kando ya bomba la moshi, ambao tulikua tukiuita takataka, kuanzia miaka ya 2000 unachimbwa tena ili watoe kobalti iliyomo. Nchi yetu leo inatoa shaba zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, nyingi kuliko miaka yote ya Union Minière. Sireni ya makampuni mapya siisikii kutoka nyumbani kwangu. Mabasi yao njo yanapita usiku, vioo vimefungwa.

Nilimwonyesha mama, miaka michache iliyopita, nakala ya ile karatasi ya I.S.P. Nilidhani atahuzunika. Aliisogeza karibu na taa, akaniuliza imeandikwa nini, nikamsomea. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: “Ulikuwa unaandika vile karatasi ilikuuliza.” Na akanituma kuleta maji.

Mwaka huu sikubadilisha fishi, maana fishi ni ya masomo, si yangu. Niliwaomba tu wanafunzi wageuze upande wa nyuma waandike: mama yangu anaamka saa ngapi, anafanya nini kwanza, nani alimfundisha, anajuaje kama siku ilikuwa nzuri. Niliwapa dakika kumi. Kengele ilipolia hakuna aliyesimama, na yule kijana wa Katuba aliomba karatasi ya pili, kwa kuwa alikuwa bado hajafika pa mahali mama anafungua gunia la kwanza.